Mkono wa Juu wa Prado: Shilingi Ngapi kwa Kilomita?

Toyota Prado 120 ilitengenezwa kati ya 2002 na 2009, kwa hiyo hata zile za mwisho zimeshaingia umri wa kugonga mbele. Fundi akisikia mlio huo, mara nyingi hutaja apa amu, yaani mkono wa juu: chuma kinachoshika kitovu cha gurudumu kwa juu, chenye bushi mbili upande wa fremu na boljointi moja upande wa gurudumu. Kabla ya kufungua pochi, mwambie akague mkono wa chini kwanza. Springi ya Prado hukaa juu ya mkono wa chini, na huko ndiko uzito wa gari unakobebwa.

Tuseme kosa ni la juu kweli. Bei ninazotumia hapa ni za kukokotolea tu. Weka za duka lako, njia ya hesabu ni ileile. Ufundi wa kufungua na kufunga pande zote mbili nimeuwekea 80,000/-, na alaimenti 50,000/-. Hizo 130,000/- utazilipa kila mara, uwe umenunua spea ya bei chee au ya bei ghali.

Mikono miwili isiyo na jina, kila mmoja 120,000/-, pamoja na gharama hizo inafika 370,000/-. Miwili orijino, kila mmoja 450,000/-, inafika 1,030,000/-. Muuzaji wa orijino atakuambia ya kwanza itakufa kwenye kilomita 25,000 na yake itafika 100,000. Kwa madai hayo, ya bei chee inagharimu shilingi 14.80 kwa kilomita, orijino 10.30. Orijino imeshinda.

Ila hesabu nzima imeegemea ile 25,000, na aliyeitaja ndiye anayeuza. Ya bei chee ikidumu kilomita 36,000 tu, gharama zinalingana. Kuna swali jingine: utakaa na gari hilo mpaka lini? Ukiliuza baada ya kilomita 40,000, orijino imekugharimu shilingi 25.75 kwa kilomita. Ya bei chee, hata ukiibadilisha mara moja katikati, ni 18.50. Kilomita 60,000 zilizobaki kwenye orijino atazitumia mnunuzi, na sioni atakavyokuongezea bei kwa ajili ya chuma asichokiona.

Njia ya tatu wauzaji huitaja kwa nadra: kubakiza mikono ya kiwandani na kubadilisha vinavyochakaa. Bushi nne, kila moja 25,000/-, boljointi mbili, kila moja 60,000/-, kazi ya presi 40,000/-, na zile 130,000/-: jumla 390,000/-. Zikidumu kilomita 60,000, ni shilingi 6.50 kwa kilomita. Zikidumu 40,000, ni 9.75, bado chini ya zote. Sharti ni moja: mkono usiwe umepinda, na tundu la boljointi lisiwe limepanuka.

Hatari kubwa ya mkono duni ni vipimo vyake. Tukichukua milimita 300 kati ya boljointi ya juu na ya chini, mkono uliokosewa kwa milimita 5 unainamisha gurudumu kwa karibu digrii moja. Mwinamo ukibadilika, mwelekeo wa tairi nao unasogea. Tairi lililogeuka digrii moja pembeni linaburuzwa mita 17 na nusu kwa upande katika kila kilomita. Matairi mawili ya mbele ya 800,000/- yakiishia kilomita 30,000 badala ya 50,000, gharama yake inapanda kutoka shilingi 16 hadi 26.67 kwa kilomita. Nyongeza hiyo ya 10.67 inazidi gharama yote ya mikono orijino.

Kuna mikono ya kurekebishika pia. Kwa jozi ya 2,000,000/-, pamoja na zile 130,000/-, ni 2,130,000/-. Kwa gari lililoinuliwa kama sentimita 5 ina maana, kwa sababu marekebisho ya kiwandani mara nyingi hayatoshi tena. Kwa gari la kimo chake cha kawaida, unalipa 1,100,000/- zaidi ya orijino kununua marekebisho ambayo Prado tayari inayo kwenye bolti za mkono wa chini. Bolti hizo hukamatwa na kutu ndani ya bushi, hasa mwambao, hadi zikatwe kwa grenda. Fundi akisema alaimenti imegoma, muulize kama bolti hizo zinazunguka.

Kwa Prado isiyoinuliwa, yenye mikono iliyonyooka, mimi ningeweka bushi na boljointi nzuri. Na usimamie kazi yenyewe: nati za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi unabaki umesokotwa kila siku na kuchanika mapema, hata kama ni orijino.