Theluji ya Jirani: Safari ya Rwenzori Nyuma ya Wanaoijua Njia

Na Mwandishi Wetu

Katika nchi za baridi, likizo ya mfanyakazi mara nyingi huangukia milimani. Majira ya theluji yanapowadia, baba, mama na watoto hufunga mizigo, hukodi mbao nyembamba za kuvaa miguuni, na kwenda kuteleza kwenye miteremko iliyogeuka myeupe. Wenye ujuzi zaidi huziacha njia zilizosawazishwa na kutafuta theluji mpya, laini kama unga wa muhogo uliotoka kuchekechwa, ambayo haijakanyagwa na mtu. Lakini hao hawaendi peke yao. Mbele yao hutangulia kiongozi aliyelelewa katika milima hiyo, ajuaye ni mteremko gani umetulia na ni upi unaoweza kuporomoka ghafla ukawazika watu wangali hai.

Mkazi wa Kalangalala, hapa mjini Geita, akisikia habari hizo hana budi kuuliza: yanatuhusu nini sisi, ambao baridi yetu kubwa ni ile ya alfajiri ya mwezi wa Juni? Jibu ni kwamba yanatuhusu, na kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya jua la ikweta, Afrika Mashariki ina milima mitatu yenye barafu ya kudumu: Kilimanjaro, Kenya na Rwenzori. Miwili ya kwanza inajulikana na kila mtoto wa shule. Huu wa tatu, uliopo mpakani mwa Uganda na Kongo, ni wachache miongoni mwetu wanaoufikiria. Hata hivyo, ndugu msomaji, ukichukua ramani na kupima kwa mstari ulionyooka, utaona kwamba Geita ipo karibu zaidi na Rwenzori kuliko na Kilimanjaro.

MBAO ZA THELUJI JUU YA KIBO

Mchezo wa kuteleza juu ya theluji si mgeni kabisa katika ardhi yetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao zao za kutelezea, wakawa watu wa kwanza kuzitumia katika mlima huo. Mto mmoja wa barafu karibu na kilele cha Uhuru unaitwa kwa jina la huyo Furtwängler hadi leo.

Wala Mwafrika Mashariki hakubaki mtazamaji tu. Mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Nagano, Japani, mkimbiaji wa Kenya Philip Boit alishindana katika mbio za theluji za kilomita 10 baada ya kufanya mazoezi nchini Finland. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la bingwa huyo.

Katika Rwenzori, hata hivyo, anayekwenda na mbao za kutelezea atakuwa amejisumbua bure. Barafu yake ni kidogo, ina nyufa, na imezungukwa na majabali. Theluji ya huko hufikiwa kwa miguu, kwa kamba na kwa subira. Jambo moja tu linafanana kabisa na likizo za Ulaya: huwezi kwenda bila kiongozi.

MLIMA ULIOINULIWA KUTOKA ARDHINI

Kilimanjaro ni volkano iliyojijenga kwa moto wake yenyewe. Rwenzori si volkano. Ni pande kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa wakati ukanda wa ardhi ulipopasuka na kulifanya Bonde la Ufa la Magharibi. Ndiyo maana hauna kilele kimoja cha kutazamwa kutoka mbali, bali ni safu ya takriban kilomita 120, yenye milima sita mikubwa iliyosimama pamoja katika ukungu. Mrefu kuliko yote ni Mlima Stanley, na kilele chake kiitwacho Margherita kina urefu wa mita 5,109. Kilele hicho kilifikiwa tarehe 18 Juni 1906 na msafara wa mwana wa mfalme wa Kitaliano, Luigi Amedeo, aliyekipa jina la malkia wa nchi yake.

Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, hawakungoja Mtaliano awaambie kwamba juu kuna theluji. Walikuwa na jina lake katika lugha yao, nzururu, na waliamini kuwa ni makao ya mizimu mikubwa. Wao ndio waliobeba mizigo ya wageni wa mwanzo, na watoto na wajukuu wao ndio viongozi na wapagazi wa leo.

KILEMBE, NDUGU YAKE GEITA

Njia moja ya kupandia mlima huanzia Kilembe, kilomita chache kutoka mji wa Kasese. Kwa msomaji wa Geita, mahali hapo pana la kutufundisha.

Kilembe ni mji wa machimbo. Shaba yake ndiyo iliyoivuta reli kutoka Kampala hadi Kasese, ikafika mwaka 1956, na madini yakawa yanapelekwa Jinja kuyeyushwa. Kwa miaka kadhaa shaba ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa yaliyoiletea Uganda fedha za kigeni. Kisha zikaja taabu za miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Zikabaki nyumba za wafanyakazi, vyuma vyenye kutu na vifusi kandokando ya mto Nyamwamba.

Wazee wa Geita wanaijua hali hiyo. Mgodi wetu wa zamani ulioanza miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966, na ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla mgodi mkubwa wa sasa haujaanza uzalishaji mwaka 2000. Kila mchimbaji, awe wa kampuni au wa duara dogo, anajua kwamba mwamba una mwisho wake. Swali ni watu watakula nini siku hiyo ikifika.

Watu wa Kilembe walipata sehemu ya jibu kwa kutazama juu. Mlima uliokuwa nyuma ya mgodi siku zote ukawa kazi: uongozaji, upagazi, upishi, utunzaji wa kambi na ukarabati wa njia. Haikuwa rahisi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoundwa mwaka 1991, ilifungwa kwa wageni toka 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi waliojificha milimani. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa makazi na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Hata baada ya maafa hayo, watu walirudi kuongoza wageni.

SIKU NANE NYUMA YA KIONGOZI

Safari ya kufika Margherita na kurudi kwa njia ya Kilembe huchukua karibu siku nane. Siku ya kwanza ni ya msitu mzito wenye nyani na ndege wa rangi za kupendeza, hadi kambi ya Sine, karibu mita 2,600. Siku ya pili mianzi huipisha miti ya milimani, iliyoning'iniza ndevu za kuvu kama wazee wa hadithi. Juu ya hapo huja mabonde ya matope, yenye mimea ambayo kwetu ni magugu ya kufika magotini lakini huko imekuwa mirefu kuliko mtu.

Mvua hunyesha Rwenzori karibu mwaka mzima. Vipindi vyenye nafuu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Kwa hiyo vazi la kwanza la mpandaji si kiatu cha fahari bali ni mabuti ya mpira, yale yale anayovaa mkulima wa mpunga. Kiongozi hutangulia akipima kwa fimbo mahali pa kukanyaga, maana nyasi zilizojikusanya hubeba mtu, na pembeni yake matope humzamisha hadi mapajani.

Kambi ya mwisho ipo karibu mita 4,500. Hapo watu huamshwa usiku wa manane, hunywa chai ya moto, na huanza kupanda kwa mwanga wa taa za kichwani. Wakifika kwenye barafu, kila mmoja hufunga chini ya viatu vyake meno ya chuma, hushika sululu ndogo, na wote hufungwa katika kamba moja. Mchimbaji wa Geita ataielewa kamba hiyo bila kuhubiriwa. Akiteleza mmoja, wenzake ndio nanga yake, na mwenye kuamua ni lini waendelee na ni lini warudi ni kiongozi peke yake.

HEWA HAINA BINGWA

Watu hufa milimani, na si wazee au dhaifu tu. Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria tumezoea hewa ya mita 1,100 hadi 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 5,000 kila pumzi huingiza takriban nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Mwili huweza kuizoea hali hiyo, lakini kwa siku, si kwa saa.

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Anayeziona hapaswi kupanda zaidi mpaka zitulie. Dalili za hatari ni kuhema hata ukiwa umekaa, kukohoa povu, kupepesuka kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo dawa ya kwanza ni moja: kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Kijana mwenye kifua cha mwanamichezo huweza kuzidiwa kabla ya mama wa makamo anayekwenda taratibu. Pole pole ndio mwendo. Mlimani usemi huo ni kanuni ya kuokoa maisha.

Kiongozi mzuri huwatazama watu wake wanavyokula, wanavyotembea na wanavyojibu wakiulizwa. Kumlipa mtu wa bei nafuu asiye na kibali, au kumshurutisha kiongozi aendelee kwa kuwa fedha zimekwisha kulipwa, ni kuiweka roho rehani.

THELUJI INAKWISHA

Lipo jambo linalofanya safari hii isiwe ya kuahirishwa milele. Mwaka 1906 barafu ilikuwapo katika milima yote sita ya Rwenzori. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imebaki katika mitatu tu, na tangu hapo imezidi kusinyaa. Kilimanjaro nako, eneo la barafu lililokuwa karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912 lilikuwa limepungua hadi chini ya kilomita za mraba 2 mwaka 2011. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitahadharisha kwamba kufikia miaka ya 2040 barafu ya milima yetu yote mitatu huenda ikatoweka kabisa.

Hivyo Kilembe, mji uliokwisha kuipoteza shaba, sasa unaipoteza na theluji. Kinachobaki ni kile ambacho hakikuchimbwa wala hakikuyeyuka: ujuzi wa watu wake. Barafu inaposinyaa njia ya kilele hubadilika, jabali hujitokeza palipokuwa na weupe, na anayeweza kuisoma njia mpya ni yule aliyeijua ya zamani. Msitu, mabonde na mito vitakuwapo, na mgeni bado atahitaji mtu wa kumtangulia.

KWA FAMILIA YENYE NIA

Kutoka Geita barabara hupitia Biharamulo, Muleba na Bukoba hadi mpaka wa Mutukula, kisha Masaka, Mbarara na Kasese. Mtanzania hahitaji viza kuingia Uganda. Achukue hati yake ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kidogo cha hifadhi kuliko wageni wa mbali, lakini gharama za kiongozi, wapagazi, chakula na vifaa si haba. Wafanyakazi wawili au watatu wakiweka akiba pamoja kwa mwaka mmoja au miwili, mzigo hupungua.

Wala si lazima kila mtu aguse theluji. Yapo matembezi ya siku moja katika vijiji vilivyo chini ya mlima, ambapo watoto wanaweza kuona kinyonga mwenye pembe tatu na, ukungu ukifunguka, weupe wa mbali. Anayependa kubaki nchini anaweza kutembea kwa siku moja kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, mita zipatazo 2,700, na kurudi jioni.

Anayekwenda asitosheke na kupiga picha. Amwulize kiongozi wake alijifunza wapi kazi hiyo, baba yake alifanya kazi gani, na mji wao uliishi vipi baada ya mgodi kufungwa. Majibu hayo ni mzigo mwepesi wa kurudi nao Kalangalala, na huenda siku moja ukawafaa watoto wetu kuliko kipande cha dhahabu.