Dari Inayolowa Bila Mvua: Paa Linavuja au Linatoa Jasho?

Miongoni mwa maombi ya ukarabati yanayoletwa na kamati za sharika, ombi la mabati mapya kwa ajili ya nyumba ya mchungaji, bweni au zahanati ni la kawaida kabisa. Sababu inayotajwa huwa ni ile ile: paa linavuja na dari imeoza. Mara nyingi ni kweli. Lakini katika maeneo ya baridi, kuanzia Njombe yenye mwinuko wa karibu mita 2,000 hadi Makete na Kitulo, zipo dari zinazooza chini ya mabati mazima yasiyo na tundu hata moja. Ukiezeka upya nyumba ya namna hiyo bila kubadili kitu kingine, dari mpya nayo italowa, na michango ya washarika pamoja na fedha za wahisani zitakuwa zimekwenda bure.

Katika usharika mmoja kamati ilikwisha kununua mabati ya geji 28 badala ya geji 30, ikiamini kwamba bati nene halitatoa maji. Ilipofika Juni, matone yakarudi. Unene wa bati una faida zake dhidi ya upepo na mvua ya mawe, lakini kwa tatizo hili hausaidii chochote. Hebu tuone kwa nini.

Jasho la bati

Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na hewa ya uvuguvugu hubeba mengi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji. Hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 10, inaweza kubaki na gramu 9 tu. Zinazozidi lazima zidondoke mahali, na mahali penyewe ni kwenye kitu chenye baridi kilicho karibu. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hata hewa ya nje. Ndiyo maana asubuhi ya Julai utakuta bati limelowa upande wa chini, hali mvua ilikoma tangu Aprili au Mei.

Maji hayo yametoka kwa watu wenyewe. Mtu aliyelala hutoa takriban gramu 40 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho. Bweni lenye wanafunzi 30 waliolala saa nane, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi, hutoa karibu lita 10 kwa usiku mmoja, yaani ndoo nzima. Ongeza mvuke wa jikoni, maji ya moto ya bafuni, na nguo zinazoanikwa ndani wakati wa mvua. Hewa hii ya uvuguvugu hupanda, hupenya kwenye nyufa za dari, kwenye tundu za taa na pembeni mwa mlango wa kupandia darini, halafu inakutana na bati.

Zamani jambo hili halikusumbua sana kwa sababu nyumba zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na bati. Siku hizi uwazi huo huzibwa. Tunauziba kwa saruji au mbao ili kuwazuia popo, panya na baridi, na pia kwa sababu nyumba inapendeza zaidi. Sababu zote hizi ni za msingi, na hatumlaumu fundi anayefanya anavyoagizwa. Ila paa lililozibwa pande zote halina pa kutolea unyevu.

Jinsi ya kutofautisha

Hapa ndipo tunaomba kamati zitumie muda, kwa sababu tiba ya kuvuja ni kuziba, na tiba ya jasho ni kufungua. Ukikosea ugonjwa, dawa itauongeza.

Jambo la kwanza ni kalenda. Mwombeni mtu anayeishi katika nyumba aandike tarehe ambazo matone yanaonekana na hali ya hewa ya usiku uliotangulia. Matone ya Januari wakati mvua inanyesha yanaashiria kuvuja. Matone ya alfajiri katikati ya kiangazi, baada ya usiku wa nyota nyingi, ni jasho. Nyumba nyingine zina yote mawili, na wiki chache za kuandika zitaonyesha hivyo.

Halafu tazameni madoa. Paa linalovuja huacha doa mahali pamoja, lenye duara za rangi ya kahawia, moja ndani ya nyingine kila mvua inapopita. Jasho hutawanyika: ncha za misumari zina kutu paa zima, mbao za papi zina weusi kila zinapogusana na bati, na kuvu huonekana zaidi juu ya bafu, jiko na chumba chenye watu wengi. Pandeni darini mapema asubuhi mkiwa na tochi, mpitishe kiganja chini ya bati. Mkanyage kwenye kenchi, si kwenye dari yenyewe. Kama kuna nyaya za umeme zilizolowa, zimeni swichi kuu kwanza na kumwita fundi umeme.

Kama bado mna shaka, mwagieni paa maji kwa mpira siku ya jua, mmoja akiwa nje na mwingine darini. Anzeni chini kwenye ukingo wa paa na kupanda polepole hadi kwenye kofia. Mkianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Kumbukeni pia kwamba maji husafiri juu ya papi na kenchi. Doa linaweza kuwa mita mbili au tatu mbali na tundu.

Kama ni kuvuja

Mara nyingi si bati lenyewe bali misumari. Msumari uliopigwa kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni, utavuja tu. Mbao zilizotumika zikiwa mbichi hukauka, zikasinyaa, na misumari ikalegea. Kuigongelea tena ni kazi ya miezi michache. Ni afadhali kuing'oa na kuweka skrubu za bati zenye mpira. Mahali pa pili ni maungio ya paa mbili, ambako sindano za misonobari hujaa na kuyazuia maji mpaka yanapanda juu ya ukingo wa bati. Huko dawa ni kusafisha, kazi ambayo vijana wa usharika wanaweza kuifanya kila Oktoba bila kuandika ombi lolote. Lami inayopakwa juu ya matundu hupasuka kwa jua, na fundi anayekuja baadaye hupata tabu kuikwangua.

Kama ni jasho

Kazi ni mbili, na mwanzoni zinaonekana kupingana: dari ifungwe, paa lifunguliwe.

Zibeni nyufa za dari, pembeni mwa taa na mlango wa darini, ili hewa ya vyumbani isipande. Bomba la hewa la bafuni au dohani ya jiko lisiishie darini, kama tunavyokuta mara kwa mara. Litoboe paa na kutokea nje. Kisha fungueni uwazi chini kwenye ukingo wa paa na juu karibu na kofia au kwenye kuta za pembetatu, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Kanuni zinazotumika sana Marekani hutaka eneo la uwazi lisipungue sehemu 1 kwa 150 ya eneo la dari, au 1 kwa 300 endapo uwazi umegawanywa vizuri kati ya juu na chini. Kwa nyumba yenye dari ya mita za mraba 90 hiyo ni mita ya mraba 0.6 kwa kipimo cha kwanza. Si eneo kubwa, na paa halitaonekana baya. Wekeni wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, popo hawatapita. Wavu wa mbu hujaa vumbi haraka.

Wahisani wetu wa Ulaya na Marekani huuliza kwa nini hatuweki pamba ya kuzuia baridi juu ya dari kama kwao. Inaweza kuwekwa, na bweni litakuwa na joto zaidi. Lakini pamba ikiwekwa kabla ya kufungua uwazi, au ikisukumwa hadi ukingoni ikaziba uwazi huo, darini patakuwa na baridi zaidi na jasho litaongezeka. Kwa jengo jipya ni rahisi zaidi kutandika foili chini ya bati tangu mwanzo, ikiteremka hadi kwenye gata, ili matone yakidondoka yaelekee nje.

Kabla ya kupiga dari mpya

Acheni mbao zikauke kwa wiki kadhaa baada ya chanzo kuondolewa. Choma kila kenchi kwa bisibisi, hasa ncha zinazolala ukutani. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza na lazima ikatwe na kuungwa kwa mbao mpya inayopita mbali na sehemu iliyooza. Jipsamu iliyolegea haikauki ikarudi kama zamani; itolewe. Kuvu ioshwe kwa maji na sabuni, mfanyakazi akivaa barakoa na glavu. Kuipaka rangi juu ni kuificha tu.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote. Majengo mengi ya zamani yana mabati au dari za asbesto, ambazo vumbi lake husababisha saratani. Zisikwanguliwe, zisitobolewe wala kuvunjwa na vijana wa kujitolea. Ulizeni kwanza Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kuhusu namna ya kuziondoa.

Muda mzuri wa kazi hizi ni Julai hadi Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Kamati zinazokusudia kuleta ombi la paa ziambatanishe ile orodha ya tarehe za matone, pamoja na picha za darini zilizopigwa asubuhi. Na wahisani watakaokuta katika makisio kipengele cha wavu na matofali ya tundu badala ya bando za mabati, watambue kwamba kamati hiyo imepanda darini kwanza.