Saratani ya Figo Inapofika Mifupani

Mgonjwa wa saratani ya figo anapolalamikia mgongo, nyonga au paja, nyumbani husemwa ni uzee au kazi ya shamba. Anakandwa, anapakwa mafuta. Lakini maumivu yanayomwamsha usiku, au yanayozidi hata akipumzika, yafikishwe kwa daktari. Saratani hii huhamia mifupani mara nyingi, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya figo kutolewa.

Hata ikifika huko bado ni saratani ya figo, na hutibiwa hivyo. Kemo ya kawaida haiisaidii sana. Hutumika vidonge vinavyozuia uvimbe kujijengea mishipa ya damu, kama sunitinib, na dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Kwa wengi haziponyi kabisa, ila huzuia ugonjwa kusonga. Ni ghali, kwa hivyo familia iulize mapema SHA italipia kiasi gani.

Mfupa nao una tiba yake. Mionzi, pengine kikao kimoja tu, huwapunguzia wengi maumivu, ingawa nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mfupa unaokaribia kuvunjika unaweza kutiwa chuma mapema. Ziko pia sindano za kuuimarisha. Kabla ya kudungwa, mgonjwa hupimwa utendakazi wa figo na kukaguliwa meno, kwani dawa hizo zinaweza kudhuru taya.

Tahadhari na dawa za dukani. Diclofenac na ibuprofen zinaweza kuumiza figo moja iliyobaki. Mofini ya maji, ambayo wengi huiogopa wakidhani ni ya anayekata roho, hutolewa wakati wowote maumivu yanapokuwa makali, na mgonjwa huendelea na matibabu mengine.

Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mgonjwa akishindwa kukojoa au kuzuia haja, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda uti wa mgongo umebanwa, na aliyekwisha kupooza ni vigumu kutembea tena. Asikandwe wala kunyooshwa mgongo.

Mionzi katika hospitali za umma hupatikana Nairobi, Mombasa, Nakuru na Garissa, miongoni mwa kwingine. Mgonjwa aanzie hospitali ya rufaa ya kaunti, apewe barua, na abebe picha zote za awali pamoja na ripoti ya upasuaji.