Iko Wapi Picha ya Asili?



Vijana wetu wengi, na hasa mabinti, siku hizi huchora kwa kidole au kalamu maalumu juu ya kioo cha kishikwambi. Wengine wamefikia hadi ya kuzichapa picha zao karatasini na kuziuza. Wazazi aghalabu hupinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi hiyo haina jasho, kwa kuwa mashine ndiyo iliyochora. Ya pili, nayo ni nzito zaidi, ni kwamba mnunuzi anauziwa kivuli, maana picha yenyewe ya asili haipo popote. Hoja hizi zastahiki jawabu, sio kupuuzwa.

Katika wasanii waliolitafakari jambo hili kwa muda mrefu ni Mwingereza David Hockney, aliyezaliwa katika mji wa Bradford mwaka 1937. Huyu alikwishapata jina kwa rangi za mafuta na turubai kabla ya kugusa chombo chochote cha umeme. Mwaka 1986 aliichukua mashine ya fotokopi, ile ile tuijuayo maofisini, akaigeuza kuwa kiwanda cha chapa. Alichora sehemu ya rangi moja kwenye karatasi yake, akaichapa. Kisha akairudisha karatasi iliyochapwa ndani ya mashine, akabadilisha wino na kuichapa juu yake sehemu ya rangi nyingine, na nyingine tena, mpaka picha ikakamilika.

Tuzingatie hapo, ndugu msomaji. Zile karatasi alizozichora mwanzo hazikuwa picha, bali vipande vya picha. Picha kamili haikuwapo mahali popote mpaka ilipotoka mashineni. Basi mashine ya kunakili haikunakili kitu. Kilichotoka ndicho asili yenyewe.

Jambo hili si geni kwetu sisi watu wa Pwani. Mwanamke anunuapo leso hamwulizi muuzaji iko wapi leso ya asili ambayo hii imeigwa kwayo. Pindo, mji na jina vimechapwa juu ya kitambaa, na doti aliyoishika mkononi ndiyo leso kamili. Mchoro wa fundi ulikuwa ni njia tu ya kuifikia. Hivyo ndivyo ilivyo chapa ya asili: ni kazi iliyokusudiwa tangu mwanzo kuzaliwa kwa kuchapwa. Ni kinyume cha picha ya rangi iliyotundikwa ukutani, ikapigwa picha kwa kamera, kisha ikatolewa nakala. Hiyo ni nakala, hata ikiwa nzuri namna gani, na ni wajibu kuiita kwa jina lake.

Ama hoja ya jasho, Hockney ameijibu kwa vitendo. Alianza kuchora kwenye simu yake ya iPhone, kisha iPad ilipotoka mwaka 2010 akaichukua hiyo. Alipokuwa akiishi Bridlington, kwenye pwani ya Uingereza, aliweza kuchora mapambazuko angali kitandani, kwani kioo kina mwanga wake na hakihitaji taa. Taa ingewashwa, rangi za alfajiri zingepotea machoni. Mauwa aliyokuwa akiyachora asubuhi aliwatumia marafiki zake.

Mwaka 2011 aliifuata njia moja ya mashambani iitwayo Woldgate, akaichora mara kwa mara tangu miti ikiwa mitupu kwa baridi hadi ilipovaa majani. Michoro 51 ya iPad ilichapwa kwa ukubwa na kuonyeshwa katika Royal Academy ya London mwaka 2012. Na mwaka 2020, dunia ilipofungwa kwa maradhi ya korona, alikuwa Normandy nchini Ufaransa, akichora miti na maua yaliyoizunguka nyumba yake. Kazi 116 za majira yale zilionyeshwa katika jumba hilo hilo mwaka uliofuata.

Je, mashine ndiyo iliyotoka nje katika baridi ikaitazama njia moja kwa miezi? Mashine ilimpunguzia taabu ya kuchanganya rangi, kuosha brashi na kungoja rangi ikauke. Haikumpunguzia taabu ya kutazama. Programu aliyoitumia iliweza pia kuurudia uchoraji wote mstari kwa mstari tangu mwanzo, na kwa njia hiyo msanii akajiona akichora kama amwonavyo mtu mwingine. Humo huonekana yote: alipositasita, alipofuta, alipojaribu tena. Mzazi mwenye shaka na amwombe mwanawe amwonyeshe marudio hayo, atayaona mwenyewe majasho aliyodhani hayapo.

Na kwa upande wa sheria, tofauti za maulamaa juu ya sura za viumbe wenye roho zajulikana. Ama miti, maua, bahari na njia, walio wengi hawakuona ubaya, na uwanja huo ni mpana.

Imebaki hoja ya uaminifu, nayo kwangu ndiyo kiini cha suala hili. Mchapaji wa zamani alichonga ubao, au akakwaruza bamba la shaba, au akachora juu ya jiwe. Alichapa idadi maalumu, akatia saini na namba kwa mkono: 7/25, yaani ya saba katika nakala ishirini na tano. Kisha aghalabu bamba lilikwaruzwa lisiweze kuchapa tena. Hata pasipo kukwaruzwa, shaba huchakaa kwa kuchapwa, na uchakavu huo wenyewe ni mpaka.

Faili ya kompyuta haichakai. Yaweza kuchapa ya ishirini na sita, na ya elfu moja, zote zikafanana. Kinachomzuia msanii ni ahadi yake peke yake. Ile 7/25 iliyoandikwa kwa penseli ukingoni mwa karatasi si pambo. Ni mkataba baina yake na mtu asiyemjua. Akichapa ya ishirini na sita kwa siri hakuna jicho la mnunuzi litakalomgundua, na hapo ndipo amana hupimwa. Thamani ya chapa yake imo katika uaminifu huo sawasawa na ilivyo katika rangi.

Kwa hivyo, binti atakaye kuuza picha zake na ashike mambo manne. Aamue idadi kabla ya kuchapa, na asiivuke. Aweke daftari la kila nakala na aliyeinunua. Amweleze mnunuzi kwa uwazi kama ni chapa ya asili au ni nakala ya kitu kingine. Na achague karatasi isiyo na asidi, na wino wa chembe za rangi ambao hustahimili mwanga kuliko wino wa kawaida, kwani jua letu na unyevu wa bahari havina huruma. Kumuuzia mtu picha itakayofifia baada ya muda mfupi bila ya kumwambia ni udanganyifu pia.

Nasi wazazi, badala ya kuuliza tu ni saa ngapi kioo kimeshikwa, tuulize ni kitu gani kimetazamwa, na ni ahadi gani imeandikwa chini ya picha. Mwana akilelewa kutazama kwa makini na kutimiza namba aliyoiandika, amepata sanaa, na amepata tabia.

Wabillahi tawfiq.