Maiti Haulizwi Sanda: Hadithi juu ya Watu wa Kweli

Askari anapoandika taarifa ya tukio, hutenganisha mambo matatu: aliyoyaona, aliyoyasikia na anayoyadhania. Mtunzi wa hadithi huyachanganya yote, na humo ndimo ulimo utamu wa kazi yake. Lakini amchukuapo mtu aliyeishi kweli, akamtia maneno kinywani, mpaka wake ni upi?

Tuchukue mfano wa hapa Uganda. Mwaka 1998 Giles Foden, mwandishi wa Uingereza, alitoa riwaya iitwayo The Last King of Scotland. Mwaka 2006 ikatolewa sinema yake, ambayo sehemu kubwa ilipigwa Uganda. Idi Amin aliyemo ni mtu wa kweli. Daktari wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, hakupata kuwako duniani.

Mvuto wake twauelewa. Vitabu vya historia hutuonyesha mtawala akiwa jukwaani. Hadithi hutupitisha mlangoni mwa Ikulu, tukamwona akicheka, akiogopa na kulaghai. Forest Whitaker alimwigiza Amin kwa ustadi hata akatunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2007. Twajifunza jinsi mtu mwenye akili timamu avutwavyo na dhalimu, hatua kwa hatua. Hilo ni funzo kwa kila avaaye sare.

Lakini yumo pia Kay, aliyekuwa mke wa Amin. Sinema yampa mapenzi ya siri na yule daktari wa kubuniwa, kisha yamwonyesha akiuawa kwa sababu hiyo, katika siku za ndege iliyotekwa na kutua Entebbe mwaka 1976. Kay wa kweli alipewa talaka Machi 1974, na mwili wake, uliokatwa vipande, ulipatikana Agosti mwaka uo huo. Ametwikwa uzinzi na mwanamume asiyekuwako, naye hawezi kujibu. Aliacha watoto.

Matendo ya utawala wa Amin ni jambo la umma, na mtunzi ana haki ya kuyapima. Kay hakuwa na cheo wala jeshi. Tuonavyo sisi, mtunzi aweza kuazima uso wa mkubwa ili atufunulie madaraka. Asimbebeshe asiye na madaraka aibu ya kubuni ili kuinogesha hadithi.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Basi, ndugu askari, sinema za namna hii tuzitazame na tuzifurahie, ila tuzisikilize kama tumsikilizavyo shahidi ambaye hakuwapo.