Maji ya Inchi Tatu: Nani Anaamuru Umeme wa Ruzizi?

Muto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu karibu na Bukavu, penye metre 1460 hivi juu ya bahari, unashuka mpaka ziwa Tanganyika, penye metre 770 hivi. Maji yanayoanguka namna hii yana nguvu nyingi za kuzungusha mashini za umeme, nayo hayaishi kama mafuta. Lakini muto huu ni mupaka: kwanza wa Kongo na Rwanda, kisha wa Kongo na Burundi. Basi, nani ataamuru juu yake?

Ruzizi I ilijengwa zamani za Wabelgiji, waliotawala inchi zote tatu: amri ilikuwa moja. Baada ya uhuru wa 1960 na 1962, serikali zikawa tatu. Mwaka 1976 zikaunda jumuia yao, CEPGL. Mwaka 1983 zikaanzisha shirika SINELAC kwa ajili ya Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989. Inchi tatu zina sehemu sawasawa, na shirika linauzia umeme kampuni ya kila serikali.

Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, malipo. Kugawana sawa ni rahisi kuandika. Lakini mununuzi mumoja akikawia kulipa, shirika linakosa franka za kutengeneza mashini, na wote watatu wanapata giza, hata yule aliyelipa.

Pili, maji yenyewe. Ruzizi I iko juu, tena ni mali ya Kongo peke yake. Anayefungua milango pale anaamua maji yatakayofika Ruzizi II, na hata urefu wa ziwa. Akitumia mengi mno wakati wa jua, anapunguza akiba ya jirani pamoja na yake. Ndiyo maana yalifanyika mapatano ya 2014 ya kuunda ABAKIR, wasimamizi wa ziwa na muto pamoja.

Tatu, amani. Tangu vita vya 1994 CEPGL ilinyamaza, ikaamshwa tena mwaka 2007 tu. Wakubwa wasipokutana, nani atapanga bei? Nani atadai deni? Ruzizi III, iliyopangwa kuwa na megawati 206 za kugawanywa sawa, inahitaji kuaminiana kwa miaka mingi.

Wapadri na wakatekista, watu wetu wanauliza kila siku sababu ya giza. Tusiwaache walaumu jirani wa ng’ambo bure. Tuwaeleze hivi: maji ni ya wote, na deni la mumoja linalipwa na wote.