Neno Shule na Safari Yake Hadi Kasulu

Neno shule, linalosomeka kwenye vibao vya barabarani kotekote Kasulu na Kibondo, limetokana na Schule la Kijerumani, ambalo nalo lilichotwa katika schola la Kilatini, neno ambalo Warumi walilipokea kwa Wayunani, waliolitumia awali kwa maana ya wasaa, yaani muda wa mapumziko bila kazi, maana ambayo mwanafunzi anayekwenda na jembe shuleni angeistaajabia. Utawala wa Wajerumani, uliojumuisha Burundi, ulilieneza, na ndiyo sababu Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, lugha ya wenyeji wa Kasulu na Kibondo, husema ishure, ilhali Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilishika skuli. Katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi tangu 2015, watoto wa Kirundi wamesoma pia Kifaransa, ambamo neno lilelile ni école: wasemaji wa Kilatini cha baadaye walitanguliza irabu mbele ya s inayofuatwa na konsonanti, kama ilivyo hadi leo katika escola la Kireno, kisha Wafaransa wakaidondosha hiyo s.